Siku Tatu Mbele ya Televisheni



Ufipa ni nchi ya juu na ya baridi. Giza likiingia, watu wa huku hawakai barazani kama wakaavyo ndugu zetu wa pwani. Kila mtu huingia ndani, hufunga mlango, na huvuta kigoda karibu na jiko la mkaa. Jioni hiyo ndefu zamani ilikuwa ya hadithi za mabibi na mababu. Sisi tulipokuwa wadogo ikawa ya redio, tukawasikiliza Pwagu na Pwaguzi mpaka betri ikaisha nguvu, na asubuhi betri ikaanikwa juani ili ipate uhai wa siku moja zaidi. Leo jioni hiyo ni ya televisheni.

Wenzetu wa Unguja waliipata mapema, mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati ambapo nchi nyingi za Afrika zilikuwa hazijaiona. Sisi wa bara tulingoja hadi mwaka 1994, na watu wa Ufipa wakangoja zaidi, kwani televisheni haiwaki kwa kuni. Umeme wa Sumbawanga kwa miaka mingi uliletwa kwa nyaya kutoka Zambia, na ulipokatika huko nasi tulikaa gizani huku. Kisha Dar es Salaam ikazima mitambo ya zamani tarehe 31 Desemba 2012, miji mingine ikafuata, na kila mwenye televisheni akalazimika kuwa na king'amuzi. Hapa kwetu Pito, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, si ajabu sasa kuona dishi juu ya bati la mkulima wa mahindi. Ndani ya nyumba hiyo mna michezo ya jukwaani, mna tuzo, mna tamthilia na senema, na mwisho wa juma ndio msimu wa mavuno yake.

Jambo lililotufanya tushike kalamu ni hili. Mzazi mmoja wa madrasa yetu alinunua televisheni baada ya kuuza maharage yake. Anaye mtoto wa kiume wa miaka kumi na miwili ambaye, kwa kuhifadhi, hatujapata mfano wake kwa miaka mingi: amekwisha kuhifadhi juzuu tisa. Tangu chombo kile kilipoingia nyumbani, Jumamosi asubuhi mtoto haonekani, na akionekana anasinzia juu ya msahafu. Kaka yake mkubwa huja kutoka mjini Ijumaa jioni akiwa na flashi iliyojaa tamthilia, nao hukesha. Baba yao alitujia na hasira zake. "Maalim," akasema, "niambie neno moja tu. Niiuze au niivunje?"

Tulimwomba atupe siku tatu, Ijumaa mpaka Jumapili, tena atuachie mtoto azipitishe nyumbani kwetu. Alikubali. Lakini tulipomweleza kwamba siku hizo tutazitumia kutazama televisheni, alitutazama kwa namna ambayo hatutaisahau.

Wako wenzetu wanaolimaliza jambo hili kwa neno moja la haramu. Sisi elimu yetu ni ya Kurani na ya shule ya msingi, wala hatuwi mamufti. Walakini tunawasomesha watoto habari iliyo sahihi na mashuhuri, ya siku ya Idi mjini Madina, Wahabeshi walipocheza kwa mikuki na ngao ndani ya msikiti. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alitaka kuwatazama, naye bado alikuwa kijana. Mtume s.a.w. hakumkataza. Wala hakumwambia nenda katazame. Alisimama naye, akamsitiri kwa shuka yake, wala hakuondoka mpaka mwenyewe Bibi Aisha alipochoka. Habari hii watu huitumia kubishana juu ya michezo, yafaa au haifai. Sisi hutupendeza zaidi kule kusimama.

Basi Ijumaa baada ya Isha tukakaa, sisi na mama watoto, na watoto wetu watatu, na mgeni wetu. Palikuwa na wachekeshaji wa jukwaani, wale wasimamao peke yao na kipaza sauti. Wa kwanza aliigiza ustadhi wa madrasa: kanzu fupi, bakora ndefu, na Kiswahili cha puani. Watoto walitutazama sisi kwanza ili wajue kama yafaa kucheka. Tukacheka, na ubishi hatuna, maana bakora ile tuliijua; ilifanana sana na ya maalim aliyetusomesha sisi. Wa pili alianza kumwiga mtu mwenye kigugumizi, na ukumbi wote ukaangua kicheko. Hapo tulipunguza sauti, tukawauliza watoto wametofautiana nini watu hawa wawili. Yule kijana wa juzuu tisa akasema, "Wa kwanza amemcheka mwenye bakora. Wa pili amemcheka asiyeweza kujibu." Hatukuwa na la kuongeza, tukarudisha sauti.

Jumamosi alihudhuria madrasa macho yakiwa wazi, kwani alilala saa nne. Baada ya Adhuhuri tulimwambia atuonyeshe ile tamthilia inayomkesha. Ilikuwa ya Kituruki, Muhteşem Yüzyıl, iliyoanza kuonyeshwa kwao mwaka 2011, nayo imefika kwetu ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, watu wakaiita Sultan tu. Tuseme kweli: ni tamu. Mavazi yake, majumba yake, na ile hila inayokatwa katikati ili mtu asilale. Tulimwuliza kijana, "Huyu Sultani Suleiman alikuwa nani?" Akajibu bila kusita, "Mfalme mwenye wake wagomvi."

Hili lilituchoma. Hapa Ufipa Waislamu si wengi, majirani zetu wengi ni Wakatoliki, na mtoto wetu hakutani na historia ya dini yake njiani. Akikosa kuisikia nyumbani au madrasani, ataichukua pale anapoikuta. Kwa hiyo tulisimamisha picha tukamwambia tuliyoyasoma. Suleiman alitawala tangu mwaka 1520 hadi 1566, miaka arobaini na sita. Waturuki humwita Kanuni, yaani mtunga sheria. Alifia safarini, akiwa mzee wa miaka sabini na moja, jeshi lake likiwa limeuzunguka mji wa Szigetvár katika nchi ya Hungaria. Kuta za Baitul Muqaddas zinazoonekana hata leo ni yeye aliyeamuru zijengwe. Huko kwao Uturuki kwenyewe watu waliilalamikia tamthilia hii, na mwaka 2012 Recep Tayyip Erdoğan, aliyekuwa waziri mkuu, aliilaumu hadharani kwamba mfalme aliyepitisha umri wake juu ya farasi anaonyeshwa kama mtu asiyetoka ndani.

Na yule Hürrem, ambaye watoto wote wa Pito humjua kwa fitina zake? Huyo katika mwaka 1552 aliweka wakfu katika Baitul Muqaddas, na ndani ya wakfu huo jiko la kuwapikia maskini, likalisha watu kwa karne nyingi baada ya yeye kufa. Kijana akauliza, "Mbona hilo hawakulionyesha?" Tukamjibu kwamba jiko la maskini halina ugomvi, na tamthilia haiendi bila ugomvi, mwenye kuitunga ana vipande vingi vya kujaza, na kila kipande lazima kiishe mtu akiwa na kiu. Hilo si siri wala si uchawi, ndiyo kazi yao. Tukamwongezea kwamba zama za Murad, mjukuu wa Suleiman, nahodha wa Kituruki aliyeitwa Mir Ali Bey alifika na majahazi yake hadi Mombasa, na huko Wareno wakamkamata mwaka 1589. Kusikia Mombasa, mtoto alikaa wima. Alikuwa akidhani watu wale ni wa dunia nyingine.

Jioni ile ile tukatazama Ar-Risala, senema ambayo nyumba nyingi za Kiislamu huirudia kila Idi. Aliitengeneza Moustapha Akkad, mzaliwa wa Halab katika nchi ya Shamu, ikatoka mwaka 1976. (Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa miongoni mwa watoaji wa zile senema za kutisha za Halloween. Riziki ina milango mingi.) Mtoto wetu mdogo aliuliza, "Kumbe Hamza alikuwa Mzungu?" Ikatubidi kueleza kwamba yule ni Anthony Quinn, mwigizaji wa Marekani aliyezaliwa Mexico, na kwamba senema hii ilichezwa mara mbili, mara moja kwa Kiingereza na mara moja kwa Kiarabu, katika ile ya Kiarabu Hamza ni Abdullah Gaith wa Misri. Mzee anayejua haya huona ni jambo dogo. Mtoto asiyeambiwa hulala akijua kwamba ameuona uso wa Sayyidna Hamza.

Mtume s.a.w. haonekani katika senema hiyo wala sauti yake haisikiki. Kwa hiyo uvumi ulioenezwa kwamba Quinn ameigiza nafsi yake ulikuwa uwongo mtupu, na uwongo huo ulileta balaa: mwezi wa Machi mwaka 1977 watu wenye silaha waliteka majumba katika mji wa Washington, wakashika mateka zaidi ya 100, na miongoni mwa madai yao ni senema hii izuiliwe. Watu walikufa kwa ajili ya picha ambayo haikuwamo. Akkad mwenyewe aliuawa Amman mwaka 2005, pamoja na binti yake, mabomu yalipolipuliwa katika mahoteli.

Namna walivyofanya ni hii: chombo cha kupigia picha huwekwa mahali ambapo Mtume angekuwa, na wenye kusema naye huelekeza macho pale. Tuliwaeleza watoto hivyo. Yule kijana akafikiri kidogo, akasema, "Basi, Maalim, wanaposema naye wanatutazama sisi." Chumba kikanyamaza. Tumekisomesha kitabu cha Sheikh Abdulla Saleh Farsy juu ya maisha ya Mtume mara nyingi sana, na hatukumbuki kuwa watoto walipata kunyamaza namna ile. Vita vya Uhud vilipofika, na mkuki wa Wahshi ukamwangusha Hamza, mabinti walilia. Tukawaambia kwamba Wahshi baadaye alisilimu. Likawa ni zito kwao kuliko kile kifo, wakaliuliza mpaka wakati wa kula.

Hapa tumekumbuka jambo la zamani. Vijana wa miaka ya 1990 wanayajua mabanda ya video. Senema zilikuwa za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani, na watu hawajui lugha, kwa hiyo palikuwa na mfasiri, mwenye kipaza sauti, akieleza kila kinachotokea. Mashuhuri kupita wote Tanzania alikuwa Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye kanda zake zilisambaa miji mingi. Mfasiri hakuwa akifasiri tu. Alimlaumu mwizi, alimhurumia mjane, alisema huyu anafanana na diwani wa mtaa fulani. Hata Waingereza walipoanza kutengeneza senema za Kiafrika huko Vugiri katika milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937, walizizungusha kwa lori, na maelezo ya Kiswahili yalitoka katika santuri. Kwa muda mrefu, basi, baina ya picha na mtazamaji wa nchi hii alikuwako mtu wa tatu. Mabanda yale yalikuwa na ubaya wake mwingi, nasi hatuyatamani yarudi. Lakini picha ilipoingia nyumbani, mtu wa tatu alibaki nje, na nyumbani hakuna aliyeichukua kazi yake. Baba yuko shambani, mama yuko jikoni, mtoto na picha wako peke yao.

Usiku wa Jumamosi palikuwa na tuzo za wanamuziki. Tutapita upesi. Taa nyingi, magauni yaliyopungukiwa kitambaa, na kila mshindi anamshukuru Mungu na mama yake. Mama watoto alisema, "Hakuna hata mmoja aliyemshukuru mwalimu aliyemfundisha kusoma." Tulilipokea neno hilo kwa moyo mkunjufu. Nchi yetu ilianza tuzo za muziki mwaka 1999, zikasimama baada ya mwaka 2015, zikarejea 2022. Na wachekeshaji nao walipata tuzo zao wenyewe Februari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa mgeni rasmi.

Kijana wetu hakuangalia magauni. Aliuliza, "Nani huwachagua?" Swali zuri. Tulimweleza kwamba aghalabu ni majaji pamoja na kura za watu kwa simu, na kwamba kura za simu humpima mtu kwa wingi wa wampendao, jambo ambalo si sawa na ubora wa kazi yake. Akalinganisha mwenyewe na mashindano ya Kurani: msomaji huulizwa mahali, akaendelea, na akikosea kengele hulia na alama hupunguzwa, awe anapendwa au hapendwi. Anayajua vema, kwa sababu Ramadhani ya mwaka 2019, alipokuwa mdogo sana, babu yake alimsimulia jinsi Uwanja wa Taifa wa Dar es Salaam ulivyojaa watu kuwasikiliza mahafidhi, na Rais John Magufuli akiwapo. Alitaka kujua kama mtoto wa Pito aweza kufika pale. Tulimwambia juzuu tisa ni mwanzo, zimebaki ishirini na moja.

Jumapili tulitazama senema moja ya Mzee Majuto, Amri Athumani wa Tanga. Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu. Senema ilipokwisha tuliwaambia kwamba mtu yule alifariki mwezi wa Agosti mwaka 2018. Mtoto wetu mdogo hakukubali. Alimwona sasa hivi akikimbizwa na jogoo. Tulikaa naye kitambo juu ya jambo hilo, kisha sote tukamwombea marehemu rehema. Mara umeme ukakatika, na siku zetu tatu zikawa zimekwisha kabla ya Magharibi.

Jumatatu baba alikuja kuchukua jibu lake. Tulimwambia asiiuze wala asiivunje. Aitoe katika chumba cha vijana aiweke sebuleni, izimwe saa tatu na nusu, na kila inapowaka awepo mtu mzima. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akasema neno ambalo hatukulitegemea. "Maalim, wewe unamjua Suleiman. Mimi ninajua mahindi. Ninaamka saa kumi na moja, na usiku nikikaa mbele ya picha ninalala kabla yao. Nitawaeleza nini?"

Alisema kweli, na wengi wa wazazi wetu wako kama yeye. Tulilipeleka jambo hilo mbele ya kamati ya madrasa: tuwakusanye watoto Jumamosi baada ya Alasiri, mara mbili kwa mwezi, watazame kitu kimoja kilichochaguliwa, na sisi tukae nao. Wazee wawili walikataa kabisa televisheni isivuke kizingiti cha madrasa, na mmoja alisema akiiona atamwondoa mjukuu wake. Hatukushindana nao. Mahali pa Kurani pana heshima yake, na kuondoka kwa mtoto mmoja ni hasara kuliko televisheni kumi. Kwa hiyo hufanyika nyumbani kwetu. Mara ya kwanza walikuja watoto tisa. Mara ya mwisho walikuwa ishirini na watatu, pamoja na mama zao waliosimama dirishani, na baba mmoja aliyekaa nyuma ya wote, akasinzia, akaamka kwenye vita.

Kijana wetu amefika juzuu ya kumi. Jumamosi mbili alikuja mapema, ya tatu hakuonekana. Tulipouliza tukaambiwa kwamba kaka yake amenunua simu kubwa, na tamthilia sasa haihitaji flashi wala sebule. Kamati imetutaka tuseme la kufanya, na bado tunafikiri. Televisheni mtu huiona inapowaka hata akiwa njiani, lakini simu kijana huingia nayo kitandani, na baridi ya Pito yajulikana, mablanketi yetu ni mazito.